Rangi ya Mafuta kwenye Mlango wa Kifungo

2 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kiwandani, nami naomba zikukute ukiwa mzima wa mwili na mtulivu wa moyo. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo nisingependa kukuchosha nalo. Kaburi la wifi yako nililifagia Jumapili. Binti yako Kifungo hajambo kabisa. Cherehani yake inaanza kulia kabla sijamaliza chai, na ikinyamaza muda mrefu mimi huenda mlangoni kwake kumwuliza kama kuna tatizo, naye hunijibu, "Mjomba, nabadilisha uzi tu, punguza wasiwasi."

Niwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Posta imefungwa kwa amri, kwa hiyo barua hii naikabidhi kwa dereva wa lori la sabuni la kiwanda chenu, ambaye ni mtu mwungwana ingawa hutukana. Amesema atapita kila baada ya wiki mbili tatu, vizuizi vya barabarani vikimruhusu.

Homa ya kifua imeingia mtaani kwetu. Baada ya saa kumi jioni hakuna ruhusa ya kutoka, na watu bado hawajazoea. Jumanne mbeba maji mmoja alikutwa njiani saa kumi na robo, ndoo zikiwa mabegani. Askari walimpiga virungu hadi taya likatoka mahali pake, kisha wakammwagia maji yake mwenyewe ili azinduke. Niliyaona hayo nikiwa dirishani. Nasikitika kwamba sikutoka.

Lakini lipo jambo la heri. Mwenyekiti wa mtaa amepata karatasi kutoka ofisi ya afya. Chumba chenye mgonjwa kinawekwa duara jekundu mlangoni, na wenye duara huletewa maji na unga hapo hapo kwa siku kumi na nne, ili wasilazimike kutoka na kuwaambukiza wengine. Siku hizo zikiisha, duara linafutwa. Kazi ya kuchora amenipa mimi. Alinikabidhi kopo la chokaa iliyotiwa rangi, akasema, "Fundi, duara tu. Hata likipinda, nani atakukosoa?"

Nakiri kwamba neno hilo lilinichoma. Nimeandika vibao vya maduka kwa miaka arobaini na moja. Chokaa ile ingechuruzika kwa mvua ya kwanza, na mtaa mzima ungeonekana kama umetapikiwa. Nilikuwa na nusu debe la rangi nyekundu ya mafuta, iliyobaki nilipoandika kibao cha muuza nyama wa pale kona. Nikaitumia hiyo. Nilikata kiolezo cha kadibodi, nikapima kimo kimoja kwa kila mlango. Mwenyekiti sijamwambia. Napenda ajionee mwenyewe mvua ikinyesha.

Milango imefika kumi na tisa. Mama muuza mikate alinisimamisha jana: "Fundi, nami nichoree basi. Nikikohoa kidogo hivi haitoshi? Unga wenyewe mweupe!" Watu walicheka sana.

Ni mimi, kaka yako akupendaye.

*

21 Machi

Kaka, shikamoo.

Huyo dereva wako mwungwana kanipa barua yako na matusi mawili juu yake. Nimefurahi kusikia mu wazima. Pole na goti. Wifi yangu umsalimie ukienda tena kufagia.

Sisi tumefungiwa. Tangu tarehe sita geti lina mnyororo. Serikali imesema sabuni isikosekane nchini, basi mwenye kiwanda akasema waliomo wabaki humo humo. Tuko wanawake sabini, tunalala juu ya maboksi katikati ya miche ya sabuni. Nanukia usafi, Kaka, mpaka nimeuchukia.

Nina mwenzangu ninayekata naye sabuni, ana mtoto wa miezi minne kaachiwa bibi yake. Maziwa yalikuwa yanamtoka mpaka gauni linaloa, akilia kwa maumivu. Alhamisi akapanda ukuta wa upande wa matangi. Mlinzi akamvuta mguu. Alipoanguka mkono wake uliingia kwenye sabuni inayochemka, mpaka begani. Tulipomtoa, ngozi ilitoka kama unavyovua soksi. Msimamizi alikuja akatazama tangi, hakumtazama yeye. Akasema, "Hiyo sabuni imeharibika. Imwageni."

Tuligoma hadi saa sita. Saa sita walinzi wakaja na mabomba ya chuma. Mimi nimepata moja la sikio, na mpaka leo sikio linaimba peke yake. Kifungo usimwambie.

Sasa wewe na maduara yako. Nimecheka, maana wewe hata ukiambiwa uchore mstari wa kuzuia mbuzi utatafuta rula. Lakini Kaka, kwa nini rangi ya mafuta? Mwenyekiti kakupa chokaa kwa sababu chokaa inafutika. Mimi ni mtu wa sabuni, nakwambia hiyo yako hakuna sabuni inayoiweza.

Mhamishie Kifungo chumbani kwako. Usimwombe, mwambie. Na aniandikie mwenyewe, mwandiko wake naujua, asinitumie salamu kwa mdomo wa mtu.

Mdogo wako.

*

13 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia salama, na habari za mwenzako zimenisononesha sana. Namkumbuka katika sala. Sikio lako lioshe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, wala usitie kijiti. Goti langu linaendelea kunivumilia. Mvua imenyesha mara tatu, na maduara yote yamesimama kama yalivyochorwa.

Kifungo aliugua kuanzia tarehe ishirini na nne Machi. Tafadhali usishtuke, amekwisha kupona. Alikohoa siku tisa, homa ikashuka, na sasa anashona. Mlango wake niliuchora mwenyewe. Mwenyekiti alinikonyeza akasema, "Huyu wako, Fundi, tunaweza kumruka." Nilimshukuru, nikakataa. Nilikuwa nimechora milango ya watu thelathini, nikaona aibu kumruka wangu. Tena angepata unga. Kwa kuwa mlango wake ulikuwa umewekwa duara, kumhamishia kwangu hakukuwezekana, nami nakuomba radhi kwa hilo.

Tarehe saba mwezi huu amri ilibadilika. Unga umekwisha. Sasa vyumba vyenye duara vinatolewa watu, nao wanapelekwa katika ghala la zamani la pamba, wakae huko. Askari hawabebi orodha yoyote. Wanatazama milango.

Waliopona wangepaswa kuwa wamefutiwa duara. Kuhusu hilo pana ugumu mdogo wa rangi, ambao ninaushughulikia. Nimejaribu mafuta ya taa, msasa na kisu. Mbao za milango yetu ni kavu na zimekunywa rangi hadi ndani. Chokaa juu yake haishiki, asubuhi hubanduka kama magamba. Maduka ya rangi yamefungwa. Jirani mmoja alipaka masizi mlango mzima, na askari wakampiga zaidi, wakisema amejificha.

Yule mama muuza mikate walimfikia Ijumaa. Hakuwahi kughushi kikohozi, aliugua kweli, akapona kweli, na alikuwa na siku nane tangu aanze tena kuoka. Aliwaambia hivyo. Walimshika miguu wakamvuta, kichwa kikagonga ngazi zote tatu, na meno yake mawili yakabaki kwenye ngazi ya chini. Mumewe alitoka na kigoda akampiga askari mmoja shingoni. Wakamlaza chini, mmoja akamkanyaga kifua, wawili wakamvunja mikono kwa virungu, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, bila haraka. Nasikitika kukuandikia mambo kama haya. Sikuona njia nyingine ya kueleza hali ilivyo.

Watoto wa mtaani wamenipa jina jipya. Nisingependa kulirudia.

Kifungo anaendelea vizuri. Ametundika shuka mlangoni lifunike duara, na safu yetu askari hawajaifikia.

Ni mimi, kaka yako.

*

27 Aprili

Kaka, shikamoo.

Umeniandikia kurasa nne, na mwanangu kapata mistari sita. Nimehesabu. Mvua ina mistari mingi kuliko yeye.

"Ugumu mdogo wa rangi" ndiyo nini? Usiniandikie kama unaiandikia ofisi ya ardhi. Mwanangu amepona, na mlango wake unasema anaumwa, na askari wanasoma mlango. Si ndivyo? Sema basi ndivyo!

Nisikilize. Mlango ni mbao. Ung'oe. Leo leo, barua hii ikiwa bado mkononi mwako. Toa bawaba, uchanje kuni, upikie. Weka pazia, weka bati, weka kabati. Na milango ya wengine vilevile, shirikianeni. Askari wakiuliza, semeni wezi wamekuja. Hivi vichwa arobaini mnakaa mnakwangua kwa visu kama watu wanaopara samaki!

Dereva anasema huko kwenu kuna tetesi bomba la maji litafungwa, na watu wameanza kushikana mashati. Sipendi hiyo habari.

Yule mwenzangu amekufa Alhamisi. Mkono ulishaanza kunuka tangu Jumapili, akawa anamwita mtoto wake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile yuko chumba cha pili. Wamemtoa nje amelazwa ndani ya kreti la sabuni, limeandikwa "Weka Mahali Pakavu" ubavuni. Tulimwomba msimamizi angalau aligeuze upande usio na maandishi. Akasema kreti ni kreti.

Kifungo aniandikie. Mstari mmoja. Hata akiandika "Mama mimi mzima" na asiongeze kitu, mimi nitashiba.

Mdogo wako.

*

16 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikitumaini kwamba kazi si nzito mno na kwamba sikio limetulia. Rambirambi zangu kwa mwenzako. Hapa kwetu mvua zimepungua. Kaburi la wifi yako sijalifikia kwa wiki tatu, kwa sababu njia ya makaburini imewekewa kizuizi. Goti halijambo.

Barua yako ya kunishauri kung'oa mlango ilinifikia tarehe tatu Mei. Ulikuwa ushauri mzuri. Ninakuomba ukae mahali kabla hujaendelea kusoma.

Bomba la mtaa lilifungwa tarehe ishirini na sita Aprili, kwa madai kwamba foleni inaeneza homa. Siku mbili watu walikunywa maji ya mtaro. Siku hiyo ya pili mtoto wa mwisho wa muuza nyama alifariki, na tangu mazishi hayo ikasemwa, sijui na nani, kwamba bomba limefungwa kwa sababu ya wenye maduara, na kwamba wakiondoka maji yatafunguliwa.

Tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi, walikuja watu kama arobaini. Wengi nilikuwa nimewaandikia vibao. Muuza nyama alikuwa mbele na panga lake la kazi. Walianza safu ya kwanza. Vyumba viwili walivichoma. Fundi viatu alitoka amejifunika blanketi linalowaka, akapigwa jiwe la kisogo, akakaa chini kama mtu aliyechoka, kisha mawe mengine yakafuata hata baada ya kuwa hayana kazi. Ni yeye aliyenirekebishia viatu vya mazishi ya wifi yako.

Halafu wakaja kwa Kifungo. Muuza nyama alivuta shuka likachanika. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mlango.

"Fundi, toka hapo."

"Ndugu zangu, tafadhali—"

"Tafadhali yako kapake ukutani! Hii alama ni mkono wako au si mkono wako?"

Nilisema ni wangu.

"Eh, mmemsikia. Basi mle ndani kuna homa, au wewe mzee uliandika uongo. Moja kati ya mawili. Sema!"

Nilimjibu. Kisha wakanisukuma, na mlango ukapigwa panga.

Mbao za milango yetu ni nyembamba. Panga lilipita mahali pa komeo, na mkono wa kulia wa Kifungo ulikuwa hapo kwa upande wa ndani. Vidole vitatu vilikatika, na kiganja kikapasuka. Damu ilitokea chini ya mlango, ikawafikia miguuni. Mtu mmoja akapiga kelele, "Msiikanyage, damu yao ina homa!" na wote wakarudi nyuma, wakakimbia. Kwa hiyo hawakuingia ndani.

Zahanati haikutufungulia. Mlinzi aliniambia kupitia tundu kwamba anaujua mlango tuliotokea. Mkunga mstaafu wa safu ya nne ndiye aliyemshona, kwa uzi wa Kifungo mwenyewe. Kifungo alimchagulia sindano.

Yuko chumbani kwangu sasa. Ndiyo maana hajaweza kukuandikia. Niwie radhi, mdogo wangu. Niwie radhi.

Ni mimi, kaka yako.

*

30 Mei

Kaka,

Nimesoma barua yako nikampa mwenzangu mwingine anisomee kwa sauti, nikidhani nimeruka mstari kwa kulia. Sijaruka.

Muuza nyama alikuuliza. Wewe umeandika "Nilimjibu." Halafu mlango ukapigwa panga.

Fundi viatu umeniambia mpaka blanketi lake. Mlinzi wa zahanati umeniambia mpaka tundu lake. Wewe mwenyewe umejipa neno moja.

Ulimjibu nini?

*

12 Juni

Mdogo wangu,

Nilimjibu hivi: "Sijapata kuandika uongo katika maisha yangu, ndugu yangu, na kwa heshima niliyonayo kwako, na kwa msiba mzito uliokupata nyumbani mwako—"

Hapo walinisukuma, panga likashuka.

Kilichokuwa kinafuata ni kwamba binti huyu amepona karibu mwezi mzima, kwamba anashona, kwamba shati alilovaa mtoto wa muuza nyama kaburini alilishona yeye bila malipo, na kwamba duara limebaki kwa sababu ya ujeuri wangu wa rangi na si kwa sababu ya homa. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, yamepangwa. Nilianza na heshima kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa misheni. Mwalimu wetu wa insha alituchapa fimbo tulipoingia katika jambo bila kumwandaa msikilizaji. Watu arobaini wenye mawe na mapanga walinisikia nikisema kwamba sijapata kuandika uongo. Hawakuhitaji zaidi. Nami ningeweza kusema neno moja tu, "Amepona," nalo lingetoka kabla muuza nyama hajainua mkono.

Hili sikumwambia mtu. Katika barua iliyopita nilikaa na kalamu muda mrefu, nikaandika "Nilimjibu," nikaona kwamba si uongo, nikaendelea. Ndivyo nilivyo, kumbe. Nimegundua nikiwa na miaka sabini na mbili.

Na lingine nililificha. Vidole vitatu havikuwa mwisho wake. Kidonda kilikuwa kimeanza kuharibika nilipokuandikia. Mwanzoni mwa mwezi huu mkono ulikuwa umekuwa mweusi hadi kwenye kifundo, na harufu yake unaijua tangu kwa mwenzako. Nilimbeba mgongoni hadi ghalani, kwa kuwa daktari pekee aliyebaki yuko huko na wagonjwa wake. Tulipita katikati ya watu waliolala sakafuni, na mmoja alinishika suruali, naye alikuwa mama muuza mikate. Sikumtambua hadi aliposema "Fundi." Daktari alisema mkono uondoke siku hiyo hiyo au aondoke Kifungo. Dawa ya usingizi ilikuwa nusu ya inayotakiwa. Walinipa kazi ya kumlalia kifuani. Msumeno una sauti ambayo siwezi kukueleza, wala yeye hakunyamaza hadi ulipofika upande wa pili.

Yu hai, nimemrudisha chumbani kwangu. Homa ya kidonda imeshuka, na jana alikula. Daktari amesema hatari imepita.

Barua yako iliponiuliza ulichoniuliza, niliona kwamba siwezi kukujibu wewe kabla ya kumjibu yeye. Nilimweleza juzi asubuhi, nikimlisha uji. Nilimweleza sentensi yote kama ilivyokuwa, na ile sehemu ambayo haikutoka. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Nilikusikia, Mjomba."

Nikasema, "Basi ulisikia nikikuthibitishia ugonjwa."

Akasema, "Maneno sikuyasikia. Nilisikia sauti tu. Taratibu vile, kama unaagana na wageni. Nikasema moyoni, ah, wamemalizana, Mjomba amewatuliza. Nilikuwa nimejificha chini ya meza ya cherehani, Mjomba. Nikainuka, nikashika komeo."

Nikamwuliza kwa nini alishika komeo.

"Nilikuwa nafungua."

Akafungua mdomo apewe uji mwingine, nami nikampa, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya kwa mkono wangu.

Mdogo wangu, sistahili kukaa chumba kimoja naye. Ghalani wanatafuta watu wa kubeba maiti, nami naweza kwenda huko. Mkunga amekubali kumtunza. Nangoja neno lako, na lolote utakalosema nitalitenda.

Kaka yako.

*

25 Juni

Kaka,

Nimetoka kiwandani. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye meza ya kukatia, nikaenda kwa msimamizi nikamwambia nataka geti. Akasema geti lina amri. Nikampiga na ubao wa kukatia sabuni, mdomoni, na alipoinama nikampiga tena mgongoni, na wenzangu wakawashika walinzi mmoja mmoja kama kuku. Mmoja wao tulimchovya mkono. Sitakudanganya, mimi ndiye niliyemshika kiwiko. Alilia kama yule mwenzetu alivyolia, sauti ile ile, nikadhani itanipa raha. Haikunipa. Nikamwachia, nikachukua ufunguo.

Sasa niko kwenye kizuizi cha mto, siku moja na nusu kutoka kwenu. Sina kibali. Wananiweka hapa siku saba ndani ya uzio wa miiba na watu mia, kila asubuhi wanatupulizia dawa kama mifugo, na anayelalamika anapigwa teke la mbavu. Jana mmoja hakuinuka tena. Mimi silalamiki. Nahesabu. Dereva ana karatasi zake, anapita leo, na barua hii anayo mfukoni. Atakufikia kabla yangu.

Kuhusu kuondoka kwako. Hakuna kwenda ghalani. Unataka kwenda kubeba maiti ili mimi nikifika nikukute umeshaadhibiwa, na mimi nibaki nafanya nini? Kaa hapo hapo. Umlishe. Umwoshe mgongo. Umchane nywele, umfunge kitambaa, umshikie beseni. Akikutukana, kaa. Akinyamaza, kaa. Mkunga ana wake wa kuwatunza. Kifungo ana wewe mpaka nitakapofika, na nikifika nitakuambia mwenyewe cha kufanya, na sijui bado nitasema nini, kwa hiyo usiniulize kwa barua.

Usiniombe radhi tena. Nimechoka kuzisoma.

Una kazi moja. Dereva akikupa barua hii, usiikunje, usitafute miwani ya pili, usimwulize ameamkaje wala kama amelala vizuri. Ingia chumbani umwambie: Mama yako anakuja.

Maneno matatu, Kaka. Halafu nyamaza.